Kupima kina cha udongo penye mwamba wa matumbawe

Mkulima_Kisauni: Asalaam aleikum wanabodi. Nina ekari moja huku Mwakirunge, nataka kupanda michungwa na mipapai. Upande mmoja jembe lazama, upande wa pili lagonga mwamba. Kabla sijanunua miche, nikichimba shimo moja katikati litatosha kujua kina?

Udongo_Pwani: Waaleikum salaam. Shimo moja litakudanganya, ndugu yangu. Matumbawe hayakulala kama sakafu: hapa sentimita 20, hatua mbili mbele 80. Ekari ni kama mita 64 kwa 64, basi pima kila baada ya mita 16, upate vituo 16. Chukua nondo ya milimita 12, urefu mita 1.2, ichonge ncha, itie alama kila sentimita 10, uipige nyundo hadi ikatae. Ikikataa, sogea sentimita 30 urudie. Ikizama, ile ya kwanza ilikuwa jiwe tu. Andika kipimo cha kila kituo. Usitafute wastani, mchungwa utahitaji kina cha pale pale unaposimama.

Sepeto: Nondo yakuonyesha mwamba, haikuonyeshi udongo wa juu unaishia wapi. Chimba mashimo matatu: penye kina kirefu, kifupi na cha kati. Sentimita 60 kwa 60, kushuka mita moja au hadi mwamba. Ukuta unaopigwa na jua usiukanyage juu yake wala kuumwagia udongo. Ukwangue kwa kisu, maana sepeto hupaka matabaka yakachanganyika. Sifuri ya tepu iwe usoni mwa udongo, si juu ya nyasi. Rangi nyeusi-nyeusi ya udongo wa juu huku kwenye mchanga hufifia polepole, kwa hivyo andika inapoanza kufifia na inapokwisha, mfano sentimita 18–24. Kisha dondoshea siki kila tabaka. Likitoa povu, lina chokaa, na chokaa ikiwa nyingi majani ya mchungwa hugeuka manjano kwa kukosa chuma.

Bi_Shamba: Naongeza. Nondo ikikataa kwenye sentimita 15–20 karibu kila mahali, huenda si mwamba, ni tabaka lililoshindiliwa na trekta au jembe. Mwaga ndoo ya maji, rudi kesho yake, ikipita, ndilo. Ukiona vipande vya vigae au saruji shimoni, hicho ni kifusi, udongo wa asili uko chini yake. Na pima siku moja au mbili baada ya mvua. Udongo mkavu hukataa nondo bure.