Ushauri: madoa ya kahawia kwenye picha ya Hogarth, niyaondoe vipi?

Sadiki_K: Wakuu, habari za leo. Nina chapa ya "Gin Lane" ya William Hogarth, mchoraji wa Uingereza, ya 1751, mwaka umeandikwa chini. Ina madoa kama matone ya chai, hasa kwa yule mama mlevi anayemwachia mwanawe aanguke ngazini. Nataka kuiosha kwa klorini. Niweke kiasi gani kwa lita moja ya maji?

FundiKaratasi: Hata tone usiweke. Klorini inakula nyuzi, mabaki yake hayatoki yote, na karatasi huishia kukatika ukiikunja. Ipitishie brashi laini kavu, uiweke pasipo unyevu. Ukiishika mbele ya taa unaona mistari ya waya, alama za chekeche la kutengenezea karatasi za zamani? Na mkandamizo wa bamba, yaani sahani ya shaba iliyochongwa picha, pembeni upo?

Sadiki_K: Mistari hakuna, laini kabisa. Pembeni pako sawa.

MamaZuhura: Picha hiyo tundika pamoja na mwenzake, "Beer Street". Ziliuzwa shilingi moja moja, mwaka uleule bunge la Uingereza lilipobana uuzaji wa jini, ile pombe kali (gin). Tazama mweka rehani anavyopokea msumeno wa seremala na vyungu vya mama wa nyumbani. Pombe inaanza kwa kula zana za kazi.

FundiKaratasi: Sadiki, "sawa" ndiyo nini? Bamba lilikuwa karibu sm 39 kwa 32. Pima.

Sadiki_K: Nimeshakata kingo, mkuu. Fremu ilikuwa ndogo na nimeshailipia. Mchoro na maandishi yote yapo, ule weupe ulikuwa wa nini?

FundiKaratasi: Ulikuwa ushahidi! Karatasi iliyoloweshwa ikibanwa na roli huzama kwenye mifereji ya shaba kufuata wino, na ukingo wa bamba huacha bonde. Umelikata.

Kipimo: Uzi wa kutunga huu. Karatasi isiyo na mistari ilianza kuonekana vitabuni Uingereza 1757, yeye anayo ya 1751? Anatafuta maneno ya kuuzia.

Sadiki_K: Situngi. Kwa lenzi ya mara kumi hakuna vidoti vya uchapaji wa kisasa, wino umetuna. Ila ni kweli, mnunuzi anakuja Jumamosi.

FundiKaratasi: Basi chapa huenda ni ya bamba lenyewe, lakini mwaka umechongwa kwenye shaba, hutoka kila inapochapwa. Hogarth alifariki 1764, mjane wake Jane akaendelea kuuza, kisha mabamba yakaenda kwa Boydell, mchapishaji wa picha, na mchongaji James Heath akayarekebisha kwa toleo la 1822. Usimwambie mtu ni ya 1751, na umweleze kuhusu kingo. Kwenye fremu, selotepu na gundi hapana: vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili karatasi ipate kutanuka. Kioo kisiiguse.

Sadiki_K: Vipande vitatu vya zile kingo nimevitoa kwenye pipa la taka.

FundiKaratasi: Vishike mbele ya taa. Kuanzia 1794 watengenezaji wengi wa Uingereza waliweka mwaka ndani ya karatasi, pamoja na jina. Ukiona hata tarakimu mbili, ziandike hapa.