Mikono ya mbele ya Slash inavunjika kila mara: niagize alumini au nailoni?

FundiFriji_Mza

Wakuu habari za Jumapili. Naombeni ushauri kabla sijachoma hela.

Nina gari la rimoti, Traxxas Slash, ile ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, saizi ya 1/10 ya gari halisi. Shemeji yangu wa Houston aliileta mwaka juzi akasema ni ya mtoto. Mtoto ana miaka 11, mimi nina 43, na rimoti tunagombania kama ndugu. Tunachezea kwenye korongo nyuma ya nyumba, Buhongwa. Anayeijua Mwanza hahitaji kuambiwa, huku ukikosa jiwe umekutana na jabali.

Tangu niweke betri ya LiPo (ya lithiamu) ya seli 2, mkono wa mbele kulia umeshavunjika mara 3. Mkono nina maana ile kontroo amu ya chini iliyoshika gurudumu na shokapu. Haukatiki katikati. Unapasuka palepale pini ya nje inapopita, na mpasuko wenyewe una weupe kama jino. Wa kwanza niliubandika kwa supagluu na magadi, nikauzungushia waya wa shaba niliotoa kwenye kompresa mbovu. Fundi mzima nikajisifu. Iliruka mara mbili tu. Wa pili na wa tatu niliagiza vipya, vikasafiri wiki 5, vikafa ndani ya siku moja.

Shemeji anakuja Desemba na amesema atabeba bahasha moja, "siyo sanduku la vyuma". Bajeti laki 2. Nimeona mtandaoni seti ya alumini ya bluu, inang'aa mpaka mke wangu kaisifia: mikono yote 4, vishikio vya magurudumu, na bampa. Niichukue nimalizane na hii kesi?

ChumaChakavu

Chukua alumini mkuu, plastiki ni ya watoto. Yangu ina mwaka wa pili, hata mkwaruzo haina.

FundiFriji_Mza

Asante mkuu. Huwa unaiendeshea wapi?

ChumaChakavu

Maegesho ya ofisini. Jumamosi, magari yakishaondoka.

Binti_Wadi

Salaam kaka Fundi. Mimi nipo Maskati, tunaendesha kwenye mawe ya wadi (mabonde makavu ya mto), kwa hivyo jabali lako nalijua vizuri. Alumini kwenye mikono achana nayo.

Nilianza na seti kama hiyo hiyo, ya bluu vilevile, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili nikagonga jiwe kwa pembe, mkono ukapinda kama mpini wa kijiko ukabaki hivyo hivyo. Gurudumu la kulia likawa linatazama Nizwa, huko bara, na la kushoto linatazama baharini. Na huo ndio mgongano mdogo. Ule mkubwa mkono haukupinda kabisa, ukang'oa kile kipande cha mbele ulikofungiwa, ikabidi nifungue pua nzima ya gari. Mkono unabadilisha kwa skrubu na pini chache. Pua ni kazi ya jioni nzima.

Agiza mikono ya kampuni ya RPM, ya nailoni. Wanatengeneza California. Ukiushika mkononi unaweza kuukunja kidogo na ukarudi wenyewe, na hiyo ndiyo kazi yake: unameza pigo badala ya kulipitisha ndani. Wana dhamana ya kuvunjika, lakini wanataka uwarudishie kilichovunjika. Ukipiga hesabu ya posta kutoka Mwanza utacheka.

Bampa nayo chukua ya nailoni. Halafu usisahau kile kipande chenye umbo la C kinachokaa kati ya mkono na ekseli, maana ukishaimarisha mkono, pigo linalofuata litaangukia hapo. Alumini iweke kwenye kofia za shokapu, hapo inafaa. Beringi za magurudumu ni milimita 5 kwa 11, chukua zilizozibwa kwa mpira. Hazina uzito, shemeji hatanuna.

Ila kuna kitu kinanitia shaka. Mara 3, mkono uleule, upande uleule. Nijibu mawili. Ukitoa shokapu ya kulia ukaibonyeza kwa kidole, inakataa kidogo au inazama tu? Na mtoto gari likiwa hewani, kidole chake kinafanya nini kwenye rimoti?

JuaKali_Thika

Boss, angalia pia bodi, lile ganda la juu. Hiyo bodi ya Slash ni parachuti. Hewa inaingia chini wakati wa kuruka inaishika pua juu, dereva anaogopa anagusa breki. Mimi nilikata matundu mawili nyuma na mkasi wa bati. Inakaa vibaya lakini inaruka poa.

FundiFriji_Mza

Wakuu, nimerudi na aibu.

Nimetoa shokapu zote 4, nikazipanga kwenye meza ya jikoni. Tatu zinakataa, unasikia mafuta yanapita. Ya mbele kulia inazama kama pampu ya baiskeli iliyokufa. Nimeifungua, ndani kuna tone moja na vumbi jekundu, oringi ya chini, ile pete ya mpira, imechanika. Mimi kazi yangu ni kutafuta gesi inavuja wapi kwenye mafriji ya watu! Kumbe kila tukitua upande ule kilo mbili na ushee zinapokelewa na plastiki peke yake.

La kidole, nimemwambia mtoto aruke mara 10 mimi niangalie mikono yake tu. Akipaa, anabana breki. Anasema anaogopa itaenda mbali. Pua inashuka, inatua na gurudumu moja la mbele.

Binti_Wadi

Wallahi nilijua. Mwambie hewani magurudumu ya nyuma ndiyo usukani wake. Akiongeza moto (kasi ya mota) pua inapanda, akibana breki pua inashuka. Ajifunze kuacha moto kidogo mpaka atue. Mwanangu ilimchukua wiki mbili.

Shokapu jaza mafuta ya silikoni. Ya kiwandani huwa namba 30, yaani kipimo cha uzito wa mafuta. Kwa joto lenu na ukishaongeza bampa, weka 40 mbele, nyuma baki na 30. Usifunge kofia haraka. Sukuma chuma chake juu na chini taratibu mpaka mapovu yaishe, uiache isimame wima dakika kama 5, ndio ufunge.

Mikono mipya ikifika, ifunge bila shokapu kwanza. Inyanyue, uiachie. Lazima ianguke yenyewe kwa uzito wake. Ikigoma, tundu limebana: chukua drili ya saizi ya pini, izungushe kwa vidole, siyo kwa mashine.

FundiFriji_Mza

Nimemtumia shemeji orodha: mikono ya mbele ya nailoni, vile vya C, bampa, kofia 4 za alumini, oringi, mafuta chupa 2, beringi. Amejibu "hii ni bahasha au gereji?" lakini amekubali.

Swali la mwisho dada. Mpaka Desemba ni mbali na mtoto ananisumbua. Oringi nimepata ya kufanana kwenye boksi langu la kazini. Ndani nikiweka mafuta ya cherehani kwa muda?

Binti_Wadi

Hapana. Mafuta ya madini yanaweza kuvimbisha mpira, utarudi palepale. Tafuta silikoni tupu, hata kwa wenye mashine za fotokopi waulize.

ChumaChakavu

Samahani kuingilia. Hiyo seti ya bluu kama huichukui, nitumie linki.