504 wagon, Land Rover 109 au Beetle: nianze na lipi?

msomi_wa_spana (Morogoro)
Habari za jioni wakuu. Nimevunja kibubu, nataka gari moja la kizamani la kutembelea wikendi, si la kupigia picha tu. Yapo matatu yanauzwa karibu nami: Peugeot 504 wagon, Land Rover 109 Series III ya petroli, na Volkswagen Beetle iliyolala chini ya mwembe miaka sita. Gereji sina, nina uwanja na turubai. Lipi halitanifilisi?

Mzee Platini
Mwanangu, chukua 504. Hizo nimezishika tangu zikiwa teksi za masafa, watu saba ndani na magunia kwenye keria. Injini yake ina silivu (mirija ambamo pistoni hutembea) zinazotoka: ikichoka unabadilisha silivu na pistoni, bloku huipeleki kuchongwa. Nyuma wagon ina springi nne za koili, ndiyo maana haikai chini ikibeba. Na barabara zetu inazijua. Ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, kisha 1978 ile kupe ya V6 ikarudia na Jean-Pierre Nicolas. Dada yake mkubwa, 404, ndiyo aliyoshindia Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, 1966 na 1967 mfululizo.

Ila iogope ikichemka. Silinda hedi ni aluminiamu, joto likizidi inapinda. Feni yake ya asili inakamatwa na sumaku ya umeme maji yakishapata moto. Brashi ya kaboni ikiisha, feni inazunguka kivivu na wewe huna habari. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, washa gari, liache juani dakika ishirini, simama mbele yake usikilize. Feni ikikamata utasikia inavuma ghafla.

binti_kabureta
Shikamoo mzee. Mimi nitasimama na Land Rover, lakini mdogo wangu usidanganywe na ile hadithi ya "aluminiamu haishiki kutu". Bodi ndiyo aluminiamu. Chesisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele penye miguu ya dereva ni chuma pia. Yangu ni Series IIA, toleo la kabla ya III. Siku nilipoinua mpira wa sakafuni niliona lami. Nenda na nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga kuanzia boriti ya nyuma kuja mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu bubu, kama debe lenye mchanga.

Series III ina nafuu moja: gia zote za mbele zinaingia laini. Kwenye yangu, namba moja na mbili unakanyaga klachi mara mbili, na ukikosea inakutukana mbele za watu. Ila grili yangu ni ya wavu wa chuma, watu wa zamani waliichomoa wakachomea nyama. Ya kwako ni plastiki, pole.

Mafuta usiulize. Injini ya cc 2,286 inavuta mzigo huo wote, itakunywa.

Nakuru_Diff
Kwenye hiyo 109, uliza kwanza injini ni ya nani. Huku Kenya nyingi zishawekwa Toyota ama Isuzu. Inatembea vizuri, sikatai, lakini kwangu hiyo ni Toyota iliyovaa kanzu ya mtu mwingine. Na kwa vile hatuwezi kuagiza gari lililopita miaka 8, haya yaliyobaki nchini ndiyo hayo tu. Ukiliharibu moja, limepungua.

Mzee Platini
Aliyekwama Mikumi saa tatu usiku haulizi kanzu ya nani.

Nakuru_Diff
Haya mzee 😄 Lakini ukienda nalo Concours, yale mashindano ya magari pale Ngong Racecourse Nairobi, majaji wanafungua boneti.

binti_kabureta
Kasema la wikendi jamani, hakusema la majaji.

pweza_wa_tanga
Beetle mmeiruka kabisa? Haina maji, haina rejeta, kwa hiyo hayo mahubiri yote ya kuchemka hayaihusu. Ilishinda Safari 1962, na Mexico waliiunda mpaka 2003, spea si tatizo kubwa. Wewe inua kiti cha nyuma tu. Betri inakaa chini yake, na asidi inakula sakafu pole pole. Chini ya mwembe miaka sita… nenda na tochi.

msomi_wa_spana
Nimerudi, nguo zote grisi.
Beetle: niliinua kiti, betri iko pale, sakafu haipo. Mwenye gari alikuwa ameweka kipande cha plaiwudi.
109: kwa nyundo imelia vizuri hadi karibu na gurudumu la kushoto nyuma, hapo ikawa bubu. Injini ni yake.
504: nimesimama juani kama Mzee alivyoagiza. Feni haikuvuma ghafla, kwa sababu inavuma tangu nilipowasha. Kuna waya mweusi umetoka kwenye feni umeunganishwa moja kwa moja, umefungwa na nailoni.

Mzee Platini
Mtu kairuka swichi ya joto inayowasha feni. Ama swichi ilikufa, ama gari lilikuwa linachemka akaficha. Usilipe bado. Chomoa kijiti cha oili uniambie: chai ya rangi au chai ya maziwa? Ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili.

msomi_wa_spana
Ya rangi, tena imekolea. Maziwa hamna.

Mzee Platini
Haya. Anataka ngapi?