LANDROVA YA BABU (kikundi cha familia)

*Jumatatu*

Da Zai, 06:12
Assalam alaykum familia, wakubwa shikamooni. Naanza mapema kabla hamjatawanyika. Kabureta nimeipata Gerezani ya Dar jana, Weber 34ICH mpya, laki moja na themanini pamoja na adapta yake na gasketi, maana bila adapta haikai pale ilipokuwa ile Zenith ya zamani, matundu ya bolti hayalingani. Nimelipa yote mwenyewe, kwahiyo mchango sio ombi tena ni deni. Harusi ya Neema tarehe 14 na tulikubaliana pale msibani kwamba atashushwa na gari ya Babu

Asha Dodoma, 06:40
🙏🙏

Da Zai, 06:41
Asha hiyo mikono ni shilingi ngapi

Saidi, 07:15
😂😂😂

Da Zai, 07:16
Na wewe Saidi. Elfu kumi kila mtu, namba yangu ile ile. Juma hapo Lushoto tupe hali ya injini

Juma, 09:50
Shikamooni wote. Da Zai injini inazunguka!! Nlimwagia dizeli kwenye matundu ya plagi zote nne nikaiacha siku nane kama alivyosema mjomba Rashidi, leo asubuhi nimechomeka hendeli kwa mbele nikavuta ikagoma nikarudisha nyuma kidogo nikavuta tena ikasema kwii afu ikaachia. Bibi alikuwa mlangoni kapiga kigelegele

Asha Dodoma, 09:52
Mashallah jamani nimesisimka. Hiyo sauti ya hendeli naikumbuka asubuhi za shule

Mjomba Rashidi, 10:30
Vizuri sana Juma. Usiweke plagi bado, zungusha mara kumi kumi kila siku hiyo dizeli itoke yote, halafu mwaga oili ya chini uweke mpya, maana dizeli imeshuka mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukiwasha na oili iliyochanganyika utaua mabearing

Juma, 10:34
Sawa mjomba. Na vyuma vyenye kutu nimeviweka kwenye ndoo ya molasi tangu ijumaa, kipimo kimoja cha molasi na maji tisa. Puli, mabano ya altaneta, kava ya tapeti, bolti zote. Inzi wamejaa na mbuzi wa jirani kaja kulamba

Saidi, 10:36
Molasi?? Juma sema ukweli hapo mnasafisha vyuma au mnapika gongo 😂😂

Baraka, 10:37
Mjumbe akipita anawabeba na ndoo na mbuzi

Saidi, 10:37
Mbuzi ndo shahidi namba moja 😂

Da Zai, 10:39
Saidi tuma elfu kumi ndio uchekeshe. Molasi inanyonya kutu na kuacha chuma, ni polepole wiki mbili tatu, lakini haili chuma kama asidi ya betri. Juma wakati wa kutoa suuza kwa maji, futa, anika juani, pitisha kitambaa chenye oili HAPO HAPO. Ukienda kula kwanza, ukirudi utakuta kutu ya rangi ya chungwa imerudi

Juma, 11:02
Sawa. Na ile kabureta ya zamani nimeiweka humo humo

Juma, 11:02
Picha

Baraka, 11:04
Achari ya kabureta hiyo

Saidi, 11:04
Weka na pilipili mbuzi, yule mbuzi wa jirani asione aibu 😂😂

Da Zai, 11:20
JUMA ITOE

Da Zai, 11:20
Juma itoe sasa hivi hiyo kabureta kwenye ndoo. Mwili wake sio chuma ni zinki, humo unaliwa

Baraka, 11:21
Achari mnaila lini 😂

Da Zai, 11:23
Juma. Nimepiga hupokei. Mtu yeyote aliye karibu na Lushoto apige kwa Bibi

Juma, 12:47
Samahani da Zai nlikuwa dukani. Nimetoa. Ina ungaunga mweupe pembeni lakini maandishi bado yanasomeka

Mjomba Rashidi, 13:10
Isugue na mswaki na petroli tu, tenga jeti zake, vile vitundu vya kupitisha petroli, kwenye kikombe, usichokonoe na waya, pulizia upepo. Hata hivyo ule uso wa juu umepinda hauzibi tena, inavuta hewa pembeni. Ulipinda aliyeikaza alipokaza skrubu upande mmoja kwa nguvu zake zote. Kabureta inakazwa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Aliyeikaza yumo humu

Mjomba Hemedi, 13:12
Kaka

Mjomba Rashidi, 13:15
Sijataja jina

Mjomba Hemedi, 13:19
Umenitaja miaka kumi na mbili kaka kila likija jambo la hiyo gari. Nilikaza njiani, Soni, usiku, kwa tochi ya simu, mvua inanipiga mgongoni

Mjomba Rashidi, 13:24
Ulikaza njiani kwa sababu ulipakia mbao za watu kwenye gari ya mzee bila kumuuliza, injini ikachemka ukaendelea kupanda. Ikarudi imevutwa na kamba. Mzee hakuipanda tena mpaka tunamzika. Leo watoto ndio wanachanga

Asha Dodoma, 13:30
Wajomba tunaomba msameheane jamani

Da Zai, 13:31
Wajomba zangu kwa heshima zote hayo tuyaweke pembeni, kuna jambo la TENKI. Petroli ya miaka kumi na mbili imeganda humo, inanuka kama vanishi. Tukifunga kabureta mpya juu ya tenki lenye kutu siku hiyo hiyo jeti zinaziba, laki na themanini imekwenda. Lishushwe, limwagwe, liingizwe kokoto ndogo na sabuni litikiswe, lisuuzwe, likauke kabisa, halafu filta mpya ya petroli. Nani atalishusha? Juma peke yake hawezi

Mwajabu Tanga *ameondoka*

Saidi, 13:40
Huyo kaondoka na elfu kumi ya da Zai 😂

Juma, 17:55
Bibi kasomewa yote. Anasema niandike kama anavyosema nisipunguze

Juma, 18:04
"Rashidi. Hemedi. Mimi mama yenu. Gari ile siku ile haikubeba mbao peke yake, na anayejua nilimtuma nani na kwa ajili ya nani anajua. Marehemu alijua akanyamaza, akaingia kaburini amenyamaza. Aliyemzaa huyu mtoto anayeolewa alipanda gari ile usiku ule. Sasa nyinyi mnamuuliza Hemedi nini ambacho baba yenu hakumuuliza? Na kabureta ya zamani isitupwe wala isiuzwe. Baba yenu alikuwa anaifungua kila Idi anaiosha kwenye sinia langu. Iletwe ndani."

Saidi, 18:06
*Ujumbe huu umefutwa*

*Jumanne*

Mama Neema, 05:20
Nimesoma. Hemedi, kaka yangu, Mungu akulipe

Mjomba Rashidi, 08:45
Mama nimesikia

Da Zai, 12:10
Alhamdulillah. Kabureta mpya nimeikabidhi basi la Lushoto leo asubuhi, Juma ipokee stendi kabla ya jioni, iko kwenye boksi la sabuni. Waliochanga mpaka sasa ni wanne. Wanne kati ya ishirini na tatu

Asha Dodoma, 12:11
Nimetuma ishirini, yangu na ya Saidi

Mjomba Hemedi, 14:32
Jumamosi nakuja Lushoto nishushe tenki. Nani ana spana za inchi, nusu na tisa kwa kumi na sita? Za milimita hazikai zinakula vichwa vya bolti

Mjomba Hemedi, 19:08
Spana jamani

Mjomba Rashidi, 20:50
Zipo kwangu Korogwe. Zote seti ya mzee

Mjomba Hemedi, 20:58
Nipitie?

Da Zai, 21:15
Mjomba Rashidi si uende naye tu, nani atakuja kuseti silensa, ule mlio wa injini gari ikiwa imesimama? Weber ile skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ifungwe taratibu mpaka iguse, irudishwe kama mizunguko miwili, ndio gari iwashwe ipate moto muanze kusikiliza. Hemedi atashusha tenki lakini sikio la kuseti ni lako

Da Zai, 21:40
Mjomba naona umesoma

*Jumatano*

Mwajabu Tanga *ameongezwa na Da Zai*

Mwajabu Tanga, 07:30
Simu iliishiwa nafasi jmn. Harusi tunavaa rangi gani?

Juma, 10:13
Boksi nimepokea. Da Zai stadi moja, ile bolti isiyo na kichwa, ya pale kabureta inapokaa imekatikia ndani nlipokuwa naitoa, ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki kama nusu kucha nje

Da Zai, 10:14
Ya kushoto au ya kulia? Usiipige na patasi. Mwagia dizeli uache. JUMA

Da Zai, 10:31
Juma upo?

Mwajabu Tanga, 10:33
Naona kijani itapendeza