Tupeane uzoefu: uliharibu nini ulipojitengenezea sabuni na mafuta ya kujipaka nyumbani?

Mleta mada:
Wadau, habari za muda. Nina ndoo ya kitu ambacho kilitakiwa kuwa sabuni. Juu yameelea mafuta, chini kuna maji makali, katikati ni kama maziwa yaliyokatika. Maelekezo niliyofuata yalikuwa ya vikombe, kimoja cha hiki na viwili vya kile. Nimekoroga kwa mwiko karibu saa nzima mpaka bega limegoma. Kabla sijamwaga nimeona nije kwenu. Siombi mapishi, yamejaa kila kona. Naomba mniambie mlichoharibu, iwe sabuni, losheni, skrabu, mafuta ya midomo, chochote mlichojitengenezea wenyewe, na mligunduaje kosa lilikuwa wapi.

Mizani Kwanza:
Pole sana, na usimwage! Mchawi wako ni kikombe. Kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haipimwi kwa kikombe hata siku moja, inapimwa kwa gramu, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi inakula kama gramu 183 za kostiki mpaka yote igeuke sabuni. Kilo ya mafuta ya mzeituni inakula kama 135 tu. Sasa mtu abadilishe mafuta huku kostiki ikibaki ileile, unadhani nini kitatokea? Ama sabuni inachubua, ama inabaki laini yenye mafuta mafuta.

Mimi nilianza na nazi tupu. Mche ukatoka mweupe, mgumu, povu kama mawingu, nikajiona fundi. Wiki moja ya kuogea, ngozi ikakauka mpaka unaweza kuandika juu yake kwa kucha. Siku hizi kwa kila kilo ya mafuta naweka nazi gramu 300, mzeituni 600 na nyonyo 100 ili povu lidumu. Hesabu inanipa kostiki kama gramu 149, napunguza asilimia 5 nabaki na 141, ili mafuta kidogo yasiliwe yaje kulainisha ngozi. Maji naweka mara mbili ya uzito wa kostiki. Nakoroga kwa blenda ya mkono, si mwiko, na dakika chache tu unaona inashika kama uji. Ukiinua blenda, tone likidondoka likaacha alama juu badala ya kuzama, mimina kwenye kalibu. Hiyo saa nzima ya mwiko mimi singeiweza.

Mleta mada, kostiki yako ilikuwa gramu ngapi? Na mafuta gani?

Mleta mada:
Pakiti nzima ya gramu 250. Mafuta ni nazi, lita moja.

Mizani Kwanza:
Aisee. Subiri nipige hesabu, na mikono yako isiiguse hiyo ndoo.

Glavu Mbili:
Wakati anapiga hesabu nisimulie yangu, maana mimi nimebaki na alama kwenye mkono. Nilikuwa nimeweka kostiki kwenye bakuli nikamimina maji juu yake. Kinyume kabisa! Ilichemka papo hapo ikaruka. Kostiki ndiyo inaingizwa kwenye maji, kidogo kidogo, dirisha likiwa wazi, na hata hivyo maji yaliyokuwa ya baridi yanapanda moto mpaka karibu na kuchemka. Mimi nikakimbilia siki, eti inaua ukali. Msifanye hivyo. Nilichoambiwa baadaye na mhudumu wa afya ni maji yanayotiririka, mengi, dakika 20 hivi, na nguo iliyorukiwa inavuliwa.

Na sufuria ya alumini isikaribie mchezo huu. Kostiki inaila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Yangu ilianza kutoa mapovu na kuwa nyeusi nikadhani ndiyo sabuni inaiva. Tumia plastiki ngumu au stenlesi. Miwani vilevile, hata kama utaonekana kituko jikoni.

Maziwa na Asali:
Mimi niliweka maziwa badala ya maji. Yakageuka rangi ya chungwa, na nyumba nzima ikanuka kama choo cha zamani. Siku hizi nayagandisha kwanza yawe barafu, kisha kostiki naitia taratibu juu ya barafu. Asali nayo inaongeza joto, niliwahi kuzidisha na sabuni ikafura ikatoka kwenye kalibu ikitembea mezani.

Ngozi Kavu:
Mnaongelea kostiki, sisi waoga tuliokimbilia losheni tuna makaburi yetu. Nilichuma alovera, nikakwangua ute, nikausaga na mafuta ya nazi. Ikatoka cheupe, laini, inanukia. Nikajaza vikopo vinne, kimoja nikampa dada yangu kwa mbwembwe nyingi. Siku ya tisa akanitumia picha: vidoa vyeusi juu, na pembeni kitu kina manyoya. Mimi changu nilikuwa bado najipaka usoni!

Kumbe chochote chenye maji ndani, iwe ute wa alovera, maji ya waridi au chai ya majani, ni shamba la kuvu na bakteria. Kabla manyoya hayajaonekana wadudu wamekwishaingia. Na vitamini E niliyoiweka nikidhani inahifadhi, kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache, bakteria haiwahusu. Sasa hivi sina losheni tena. Napaka mafuta matupu juu ya ngozi yenye unyevu nikitoka kuoga, basi. Ute wa alovera nikiutaka nachukua wa siku hiyo, na ule utomvu wa njano chini ya ganda nauacha uchuruzike kwanza kwa sababu unawasha.

Fundi wa Losheni:
Ngozi Kavu, si lazima ukimbie. Weka kihifadhi cha vipodozi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ile nta maalumu ya kuunganisha maji na mafuta. Nta ya nyuki peke yake haiunganishi, ndiyo maana losheni za wengi zinatoa jasho baada ya siku mbili. Mimi yangu inakaa miezi.

Asili Tupu:
Samahani, ukishaweka kihifadhi cha kiwandani hiyo si ya asili tena. Si bora ununue tu?

Fundi wa Losheni:
Na kuvu ni ya asili asilimia mia. Jipake.

Ngozi Kavu:
😂 Nimekoma.

Kwapa la Moto:
Mimi ni beking soda. Niliichanganya na mafuta ya nazi kuwa dawa ya kikwapa. Wiki mbili za kwanza raha tupu, hakuna harufu. Wiki ya tatu kwapa likawa jekundu, likabanduka. Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha ukali wa asidi) kama 5, na beking soda iko juu ya 8. Huo ndio ulikuwa ugomvi. Limao usoni sitaki hata kulisimulia, niseme tu kwamba nilitoka juani nalo na mabaka yalikaa miezi.

Skrabu:
Sukari vikombe viwili, mafuta kikombe kimoja (hapa kikombe ruksa, Mizani Kwanza usinipige). Kosa langu halikuwa kwenye mchanganyiko. Nilijisugua vizuri, nikageuka kuchukua taulo, nikajikuta nimekaa sakafuni. Osha sakafu kwa sabuni kabla ya anayefuata hajaingia. Na chota kwa kijiko kikavu, matone ya maji yakiingia kwenye kopo unapata hadithi ya Ngozi Kavu.

Shea:
Kuna anayepata punje punje kwenye siagi ya shea? Yangu ilikuwa kama semolina.

Fundi wa Losheni:
Inatokea ikipoa polepole, mafuta yake magumu yanaganda kabla ya malaini. Iyeyushe tena yote, kisha ipooze haraka kwenye jokofu ukiikoroga. Haina madhara lakini, ni kero ya vidole tu.

Mizani Kwanza:
Nimerudi. Mleta mada, lita moja ya nazi ni kama gramu 920, na hizo zinamaliza kostiki gramu 168 tu. Una zaidi ya gramu 80 zinazoranda humo ndani zikitafuta cha kula, kwa hiyo hata ingeshika ingekuchubua. Ila inaokoleka. Kwa kuwa ni nazi tupu inayokausha, uache mafuta ya ziada asilimia 20 badala ya 5. Maana yake mafuta yote yafike kilo 1.7, yaani ongeza kama gramu 790 za nazi. Vaa glavu na miwani, hamishia kwenye sufuria ya stenlesi, pasha moto mdogo sana, piga blenda. Usiweke harufu leo.

Mleta mada:
Nimeongeza, nimepasha. Kuazima blenda kwa jirani kumechukua muda kuliko kazi yenyewe. Kwa dakika kama kumi na tano ilibaki maji, nikaanza kuwalaani wote mliochangia hapa, halafu ghafla ikashika kama uji wa mtoto. Nimeimimina kwenye kalibu. Jirani nimemwambia blenda nitamnunulia nyingine, hawezi kurudi kusagia chakula na hiyo.

Glavu Mbili:
Hapo kwenye blenda umefikiri vizuri. Ukate kesho kutwa ikiwa imekaza, ukiwa na glavu.

Mizani Kwanza:
Halafu iache penye hewa wiki nne mpaka sita, ikauke. Ukiona vumbi jeupe juu usiogope, unalikwangua tu. Ikianza kutoa madoa ya rangi ya chungwa baadaye, hayo ni mafuta yaliyochacha.

Mleta mada:
Wiki sita?! Mimi nilishawaahidi watu wa nyumbani Jumapili.