Tupeane uzoefu: ni mhusika gani wa nyongeza uliwahi kumtabiri, na ulitumia dalili gani?

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, habari za jioni. Katika banda la gemu ninalolisimamia hapa Mwanga hakuna ubishi unaodumu kuliko ule wa nani ataongezwa kwenye gemu za kupigana. Ubishi wa Simba na Yanga angalau huisha mechi ikichezwa, ila huu hudumu mwaka mzima, kwa kuwa Tekken 8 na Street Fighter 6 huleta wahusika wanne kwa msimu, mmoja baada ya mwingine, na kati ya mmoja na mwenzake hupita miezi kadhaa ya watu kukaa kwenye benchi na kubishana. Naomba kila mmoja aeleze alichotabiri, akiwa amepatia au amekosea, na ataje dalili aliyoitumia, kwa sababu kusema “nilijua tu” hakutusaidii.

Naanza na kosa langu. Tekken 8 ilipotoka tarehe 26 Januari 2024 ilikuwa na wahusika 32, na Heihachi Mishima hakuwamo. Niliandika kwa chaki ukutani kwamba hatarudi tena, kwa kuwa hadithi ya Tekken 7 ilikuwa imemwonyesha akipigwa na mwanawe Kazuya na kisha kutupwa kwenye uji wa volkeno. Kijana mmoja wa mkokoteni, mteja wangu wa kila jioni, alisoma maandishi yale akaniuliza, “Bro, wewe uliliona kaburi?” Hoja yake ilikuwa nyepesi: tangu Tekken ya kwanza ya mwaka 1994 hakuna toleo kuu ambalo mzee yule alikosekana, na kampuni haiwezi kuiacha sura inayouza namna hiyo eti kwa sababu hadithi imesema amekufa. Oktoba 2024 Heihachi akaletwa, nami nikanunua soda za benchi zima. Tangu hapo hadithi ya gemu naisikiliza kwa sikio moja tu.

Binti Ujiji

Kaka, mimi nilipatia, na waliokuwapo wanakumbuka. Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023 na wahusika 18, nikakaa na daftari nikaandika nchi zao moja moja: Japani, Marekani, Uchina, India, Brazili, Urusi, Ufaransa, Italia, Meksiko, Jamaika na nyinginezo. Afrika haikuwa na mtu hata mmoja. Gemu inayojigamba kuzunguka dunia haiwezi kuliacha pengo la bara zima, na katika Street Fighter, mtu wa Afrika ambaye kila mchezaji wa zamani humkumbuka ni Elena, Mkenya aliyeanza kuonekana mwaka 1997 katika Street Fighter III. Wadogo zangu walinicheka, wakisema Wajapani hawana habari na Kenya. Juni 2024 yakatangazwa kwa pamoja majina manne ya mwaka wa pili: M. Bison, Terry, Mai, na Elena akiwa wa mwisho. Nilifurahi, kisha nikasubiri mwaka mzima, kwani alifika Juni 2025.

Niongeze jambo moja. Watu hushangaa Mkenya kupigana kwa kapoera, mchezo wa Brazili, lakini kapoera yenyewe iliasisiwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, kwa hiyo mimi wa Ujiji sioni ajabu yoyote.

Mla Migebuka (Kasulu)

Langu ni fupi. Nilipoona Capcom, wenye Street Fighter, wamewachukua Terry na Mai kutoka kampuni nyingine ya gemu, SNK, niliwaambia wenzangu kwamba mahari haiendi upande mmoja. Kweli, Ken na Chun-Li wa Street Fighter wakatangazwa kuwa wageni katika gemu ya SNK, Fatal Fury: City of the Wolves, iliyotoka Aprili 2025. Tangu hapo, kampuni ikimpokea mgeni, natazama imetoa nini.

Pedi Nne (Kibirizi)

Mimi ni mtu wa Mortal Kombat, na huku dalili ni tofauti kabisa, kwa sababu wageni wengi hutoka kwenye sinema na tamthilia. Swali la kuanza nalo ni nani anayemiliki nini. Mortal Kombat ni mali ya Warner Bros., na DC, kampuni ya vibonzo yenye Batman, vilevile. Ndiyo maana Joker wa DC aliingia Mortal Kombat 11 na Peacemaker, wa DC pia, akaingia Mortal Kombat 1. Kwa hesabu hiyo nilitabiri kwa kiburi kikubwa kwamba Mortal Kombat 1 ingeletewa Batman. Mwenye mali nilimpatia, ila jina sikulipatia. Kilichonipita ni kwamba wanatafuta pia mtu anayezungumzwa wakati huo: Omni-Man na Homelander si wa DC, lakini tamthilia zao zilikuwa midomoni mwa watu. Kwa hiyo umiliki ni nusu tu ya hesabu.

Ila wenzetu wa mijini wanasahau kwamba kutabiri ni jambo moja na kumcheza uliyemtabiri ni jingine. Mhusika huja pamoja na sasisho ambalo kila mtu hulipakua bure, na kinachouzwa ni ruhusa ya kumtumia. Hapa kwetu hilo sasisho la bure ndilo ghali. Nilishalipia kifurushi cha msimu mzima kwa kadi ya simu, kisha nikawasha mashine kwa bando la usiku siku tatu mfululizo, na usiku wa tatu umeme ukakatika. Mtoto aliyekuja asubuhi na shilingi mia tano mkononi kumcheza Omni-Man ilibidi nimpe Scorpion, aliyekuwamo kwenye gemu tangu mwanzo.

Kijana wa Cheyo (Tabora)

Nawaheshimu wote, ila dalili zenu zote hugota mbele ya mhusika mpya kabisa. Leroy Smith, Fahkumram na Lidia Sobieska waliongezwa katika Tekken 7 bila kuwahi kuonekana popote kabla. Nani angewatabiri kwa majina? Unachoweza kutabiri ni nafasi. Katika msimu wa pili wa Tekken 8, watatu wa kwanza, yaani Anna, Fahkumram na Armor King, ni wa zamani, hivyo nilisema wa nne atakuwa mgeni machoni petu na atatoka Afrika. Nilitaja Nigeria. Akatangazwa Miary Zo wa Madagaska. Nilidai dau langu, lakini mwenzangu akagoma kulipa akisema Madagaska ni kisiwa na mimi nilitaja bara. Naomba uamuzi wa wenye mada.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu wa Cheyo, Madagaska ni Afrika. Mwenzako alipe, ila alipe nusu, kwa kuwa nchi ulikosea. Ukuta wangu nimeupaka chokaa upya juzi, na safari hii una safu mbili, moja ya jina na nyingine ya dalili. Kijana wa mkokoteni ameshaandika jina la mhusika anayemtabiri na ameiacha safu ya pili wazi, akisema dalili yake ataitaja atakapolipwa.