Uwanja wa besiboli wa chuo: vitumbua vya mama mkwe pipani, na hela sirudishiwi!

Wakuu heshima zenu, naandika nikiwa nimekereka kwahiyo neno likinichomoka mnivumilie.

Niko Texas mwaka wa sita sasa. Mama mkwe amekuja kututembelea toka Tanga, jumamosi nikasema ngoja nimpeleke akaone besiboli ya vyuo, maana huku kusini hii kitu sio bonanza la wanafunzi, watu wanaifuata toka februari mpaka zile fainali za vyuo za Omaha, jimbo la Nebraska, mwezi wa sita ambazo ziko mji huo huo tangu 1950. Tiketi nimekata kwenye app dola 12 kwa kichwa, tuko watano. Parking 20 nyingine na yenyewe iko kuleee, tumetembea dakika ishirini juani na mama magoti yanamsumbua.

Getini jamaa anasema mkoba wa mama hauingii. Eti mpaka uwe wa plastiki unaoonyesha ndani, usizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Mkoba wenyewe wa ukili jamani! Ndani kuna kanga, dawa za presha na vitumbua alivyoamka saa kumi alfajiri kuvichoma. Mfuko wa plastiki wanauza hapo hapo pembeni dola 10 (mmeielewa biashara?), nikanunua. Jamaa akachambua kimoja kimoja foleni nzima inatutolea macho, kanga akaikunjua akaikung'uta, akafika kwenye vitumbua, chakula cha nje marufuku, virudi kwenye gari au viende pipani. Mama akasema "Baba Nuru, waache tu mwanangu", akavimimina pipani mwenyewe. Mkoba nikauficha kwenye kichaka kama nimebeba bangi.

Ndani sasa. Tumewekwa kwenye mabenchi ya aluminiamu hayana hata pa kuegemea, saa nane mchana, ukikaa unaruka. Watoto kiu, naenda kununua maji natoa noti ya 20 dada ananiambia keshi hatupokei, kadi tu. Noti ya serikali yao wenyewe!

Mechi yenyewe sina ugomvi nayo. Vyuoni wanatumia magongo ya chuma sio ya mbao kama wale wa kulipwa, kwahiyo mpira ukigongwa inalia ngwaaa kama sufuria imedondoka, mama anashtuka halafu anacheka. Akaniuliza yule mbona anakimbia kimya kimya, nikamwambia anaiba besi mama, yaani anawahi kituo cha mbele bila mpira kugongwa, inaruhusiwa. Akasema "kumbe kuiba ruksa, vitumbua ndo hapana".

Inningi ya sita, yaani duru ya sita kati ya tisa za kawaida, radi. Wachezaji ndani, na sisi tutoke kwenye mabenchi, unahesabiwa nusu saa na radi ikipiga tena hesabu inaanza upya, tumesimama chini ya ngazi karibu masaa mawili na watoto wanatetemeka. Nataka nikachukue majaketi kwenye gari naambiwa ukitoka hurudi. Saa kumi na mbili wanatangaza mechi imeishia hapo. Hela je? Hakuna, inningi tano zikishapita hiyo inahesabika mechi kamili.

Sasa mimi sheria sizikatai, uwanja ni wao. Ila app iliyojua kunikata dola 60 kwa sekunde mbili imeshindwaje kuniambia habari ya mkoba, ya keshi na ya kutoka nje kabla sijabonyeza kulipa? Na asije mtu hapa na "ungesoma website", nimeisoma baadae, ipo, huko chini kabisa baada ya habari za droni na miavuli.

Imeli nimetuma tatu. Jana ndo wamejibu, wananipa punguzo la asilimia 10 mechi ya jumanne.

Kichakani niliporudi mkoba sikuukuta. Mama ameuliza mara mbili, nimemwambia uko kwenye buti la gari.